Sifongo si tumbawe, naomba radhi

Najua nimekuwa kimya muda mrefu, na wapo walioniuliza kama nimeacha kuandika hapa. Sijaacha. Nilikuwa na aibu tu, na leo nimeamua kuitoa, maana nimeona haipungui kwa kukaa nayo kifuani.

Kisa chenyewe ni hiki. Miezi michache iliyopita nilitumwa Unguja kuandika habari za mikutano fulani ya utalii, ambayo sitawachosha nayo. Siku ya mwisho nikatoroka, nikapanda daladala hadi kijiji kimoja cha pwani ya mashariki. Nilikuwa nimesikia kwamba wapo akina mama walioacha mwani na sasa wanalima sifongo. Ndiyo, zile zile za kuogea. Si za plastiki za dukani, hizi ni za asili, zinakua baharini.

Kwa wasiojua, kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na kimewapa maelfu ya wanawake wa visiwani fedha za mkononi mwao wenyewe. Lakini maji yamezidi joto, ule mwani mnene wenye bei nzuri umekuwa ukifa kwenye maji ya kina kifupi, na bei ya ule mwembamba inakatisha tamaa. Jambiani ndiko walikoanza kulima sifongo, kwa msaada wa shirika moja lenye asili ya Uswisi. Mama anakata kipande, anakifunga kwenye kamba, anaitandaza kamba majini, halafu kila mara anaingia na miwani ya kupigia mbizi kusafisha uchafu. Akivumilia mwaka mmoja na zaidi, anavuna.

Nikaongea nao, nikapiga picha, nikala wali kwa pweza, nikarudi Dar nimefurahi. Nikaandika. Na katika aya ya tatu nikaandika hivi: "sifongo, ambayo ni aina ya tumbawe laini".

Kwa nini niliandika hivyo? Kwa sababu nilihisi msomaji wa gazeti hajui sifongo ni kitu gani, na neno tumbawe analijua. Basi. Sikumuuliza mtu. Mhariri akachukua mstari huo huo, akaupandisha kwenye kichwa cha habari: akina mama wavuna matumbawe kujikwamua kimaisha. Nilitaka sana kumlaumu yeye, lakini rasimu ninayo, na mstari ni wangu.

Siku ya nne simu ikalia. Namba ya Zanzibar.

"Mwanangu, hujambo?"

"Sijambo bi, shikamoo."

"Marahaba. Hivi sisi tulikukosea nini?"

Nikanyamaza. Nikadhani labda ni suala la picha.

"Umetuandika tunavunja matumbawe. Duka la hoteli limerudisha mzigo. Wamesema wamesoma gazetini, na matumbawe wao hawauzi. Sifongo arobaini na mbili, mwanangu."

Naomba mwelewe uzito wake. Kuvunja matumbawe si jambo la mzaha. Mwamba wa matumbawe ndio unaolala mbele ya ufukwe na kuzuia mawimbi, na ndiko samaki wanakozaliana. Matumbawe magumu yamo katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ule wa CITES, kwa hiyo hayavuki mpaka bila kibali. Sifongo hazimo katika orodha hiyo hata moja. Kwa neno moja la kizembe nilikuwa nimewahamisha wanawake wale kutoka upande mmoja wa sheria kwenda wa pili, na mimi nimeketi ofisini nakunywa chai.

Nikamwambia bi, "Nitarekebisha." Akasema, "Utarekebisha vipi na wewe hujui?" Kisha, kwa sauti ya chini kidogo, "Njoo uone kwanza."

Ndiyo nikaenda. Kwa nauli yangu, maana ofisini nisingethubutu kuomba safari ya kwenda kusahihisha kosa langu. Usiku wa kabla ya boti nikakesha na kitabu cha bayolojia cha binamu yangu anayesoma chuo. Nitawasimulia vyote viwili kwa pamoja, kitabu na bahari, kwa sababu kichwani mwangu vimeshachanganyika.

Tuanze na kitabu. Wanyama wamegawanywa katika makundi makubwa yanayoitwa faila. Sisi binadamu, samaki, ndege na mjusi wa dirishani wote tuko faila moja. Sifongo wana faila yao peke yao, inaitwa Porifera, yaani wenye vitundu. Matumbawe yamo katika faila nyingine, Nidaria, pamoja na konyeza na yale maua ya bahari yenye mikono ambamo wale samaki wadogo wa rangi ya chungwa hujificha. Kila faila ina spishi zaidi ya 9,000 zinazojulikana. Kwa hiyo kusema sifongo ni aina ya tumbawe si sawa na kumwita mbuzi kondoo. Mbuzi na kondoo ni ndugu wa karibu mno. Ukitafuta mfano unaofanana na kosa langu, ni mtu anayemwita mbuzi konokono.

Tulipoingia majini, maji yalikuwa ya kifuani. Bi alinivalisha miwani, akanishika mkono kama mtoto (siogelei vizuri, hilo nalo liwekwe kumbukumbu). Akanionyesha sifongo moja iliyonona, saizi ya ngumi mbili. Juu yake palikuwa na tundu kubwa, na mwili mzima una vitundu vidogo vidogo. Akachota tope laini kidogo, akaliachia karibu na lile tundu kubwa. Chembe zikarushwa juu. Zilipanda kama moshi wa bomba la jikoni, na sifongo yenyewe imetulia tuli.

"Unaona? Inapumua."

Huo ndio mwili mzima wa sifongo. Maji yanaingia kwa vitundu vidogo, yanapita ndani kwenye vyumba vyenye seli za aina ya pekee, kila seli ina mjeledi mmoja unaopiga maji na shingo kama kola ya shati inayonasa chakula, hasa bakteria. Kisha maji yanatokea juu. Hakuna mdomo, tumbo, moyo, misuli wala neva. Hata tishu halisi, kama tunavyozielewa kwetu au kwa konyeza, wengi wanasema hana. Ni mkusanyiko wa seli zinazofanya kazi kwa ushirika, na nyingi kati yake zinaweza kubadili kazi mahitaji yakibadilika. Leo mlinzi, kesho mpishi.

Mwaka 1907 mwanasayansi wa Marekani, H. V. Wilson, alichukua sifongo akaikamua kupitia kitambaa cha hariri hadi ikawa seli moja moja majini, kama tui lililochujwa. Zile seli zikatafutana chini ya chombo, zikashikana, na vikazaliwa visifongo vipya. Niliposoma hapo nikaacha kitabu nikatembea chumbani. Jaribuni kufikiria mnyama mwingine wa kumfanyia hivyo!

Na hapo ndipo kilimo cha akina mama kinaposimama. Kipande kilichokatwa si mkono uliokatika, ni sifongo nzima ndogo. Kidonda kinafunga, vyumba vya maji vinajipanga upya, kinaendelea. Bi hajasoma habari za Wilson, lakini aliniambia, "Hii ukiikata haifi, inaanza upya," huku anafunga kipande kwenye kamba kwa fundo ambalo nimejaribu kuliiga mara sita nikashindwa.

Haya, twende kwa tumbawe.

Tumbawe unaloliona kama jiwe ni nyumba. Wenyewe wanaishi juu yake, maelfu, vijinyama vidogo vinavyoitwa polipu, kila kimoja ni kifuko chenye mdomo mmoja juu na mikono kuuzunguka. Mdomo huo huo ndio mlango wa kutokea taka, msiniulize zaidi. Lakini ona tofauti: huyu ana mdomo. Ana tumbo la kumeng'enyea chakula. Ana tabaka mbili za tishu zilizopangika, ana wavu wa neva, ana seli zinazojikunja kama misuli. Umbo lake limepangika kwa duara, kama chungwa lililokatwa kati. Konyeza ni mpango huo huo uliopinduliwa: mdomo chini, mikono inaning'inia, mwili unaelea.

Na ana silaha. Jina Nidaria limetokana na neno la Kigiriki la mmea unaowasha, kwa tabia ni jamaa wa upupu wetu. Katika ngozi ya kila mnyama wa faila hii zimo seli zenye kifuko, na ndani ya kifuko umo uzi uliosokotwa. Ukigusa, uzi unafyatuka. Mwaka 2006 watafiti wa Ujerumani walipima mfyatuko huo kwa kijinyama cha maji baridi kiitwacho haidra, wakakuta hatua ya kuchoma inachukua nanosekunde 700. Yaani haijafika hata sehemu moja ya milioni ya sekunde. Sifongo hana seli ya namna hiyo hata moja. (Zipo sifongo zinazowasha ukizishika, lakini hizo zinatumia kemikali na vijiti vyao vidogo vya mifupa. Msije mkaenda kukumbatia sifongo kwa sababu yangu.)

Somo hili la pili sikulipata kitabuni peke yake. Wakati wa kurudi ufukweni niliteleza, muundi wangu ukasugua kitu cha rangi ya haradali. Nilipiga ukelele ambao wavuvi wa dau lililokuwa jirani bado wanausimulia. Lile ni tumbawe-moto, nalo ni la faila ya Nidaria ingawa ni la ukoo mwingine na matumbawe ya kawaida. Ngozi ikavimba mistari mistari.

Bi akacheka mpaka akashika mbavu. "Sasa umejua. Sifongo haikufanyi hivyo."

Jioni ile, mguu umepakwa siki, tulikaa barazani nikamweleza kwamba wataalamu wakubwa walikosea kabla yangu. Nilikuwa najitetea, nakiri. Lakini historia yenyewe ni tamu, na kwa sisi waandishi inauma kidogo.

Mwanzoni mwa karne ya 18, bwana mmoja wa Italia, Marsigli, alitazama tumbawe jekundu ndani ya maji akaona polipu zimechanua, akatangaza kwamba ni maua. Kwa hiyo tumbawe ni mmea. Ulaya ikakubali. Kisha miaka ya 1720 daktari kijana wa Marseille, Jean-André Peyssonnel, akaangalia yale "maua" kwa makini na kusema jamani, hawa ni wanyama. Akapeleka barua katika chuo cha sayansi cha Paris. Mkubwa wa mambo hayo wakati huo, Réaumur, aliona hoja hiyo ni ya ajabu kiasi kwamba alipoisoma mbele ya wenzake alificha jina la mwandishi, ati kumsitiri asidhalilike. Baadaye Abraham Trembley akafanya majaribio yake ya haidra, watu wakaenda tena pwani kuangalia, na mwaka 1742 Réaumur akakiri kwa maandishi kwamba Peyssonnel alikuwa sahihi. Miaka kama kumi na tano! Mwenyewe alikuwa ameshahamia Guadeloupe, ng'ambo ya bahari.

"Alimwomba radhi?" bi akauliza.

Nikamwambia alikiri kitabuni.

"Kitabuni," akarudia.

Sifongo walisubiri zaidi. Aristotle aliwahi kuandika kwamba sifongo ana hisia, kwa sababu alisikia kwamba anajikunyata mtu akitaka kumng'oa. Hata hivyo kwa karne nyingi watu waliendelea kubishana kama ni mmea au ni mnyama au ni povu la bahari lililogandamana. Ilikuwa miaka ya 1820 ndipo Robert Grant wa Edinburgh alipoweka sifongo hai kwenye chombo cha maji, akaona chembe zinarushwa kutoka kwenye tundu kubwa. Jambo lile lile alilonionyesha bi kwa tope. Huyu Grant ndiye aliyekuwa akitembea ufukweni na kijana mmoja mwanafunzi wa udaktari aliyeitwa Charles Darwin.

Na hata baada ya kukubalika kuwa ni mnyama, waliwatupa sifongo katika kapu moja na matumbawe na konyeza, kapu lililoitwa Selenterata. Hoja ilikuwa kwamba wote wana uwazi ndani ya mwili. Lakini uwazi wa tumbawe ni tumbo, na uwazi wa sifongo ni mfereji wa kupitishia maji. Chupa na bomba zote zina uwazi, si kitu kimoja. Mwaka 1888 Berthold Hatschek akalipasua kapu hilo mafungu matatu: sifongo huku, nidaria kule, na wale vijinyama vinavyong'aa vyenye vitana, wanaofanana na konyeza lakini hawachomi, peke yao. Maana yake, kama ningeandika habari yangu katikati ya karne ya 19 ningepata watetezi wenye ndevu nyeupe. Nilimwambia mhariri hivyo. Hakucheka.

Wala wataalamu hawajamaliza. Kwa muda mrefu ilikubalika kwamba sifongo ndio tawi lililojitenga kwanza katika mti wa wanyama, kwa sababu ni wepesi wa umbo, na kwa sababu zile seli zao za kola zinafanana ajabu na vijidudu vya seli moja ambavyo ni jamaa wa karibu wa wanyama wote. Mwaka 2008 utafiti wa vinasaba ukasema hapana, wa kwanza ni wale wenye vitana. Mwaka 2023 utafiti mwingine wa kromosomu ukaunga mkono hilo, na ubishi unaendelea. Ila katika ubishi wote huo hakuna anayemrudisha sifongo kwa tumbawe. Hilo limefungwa.

Kuna jambo moja lilinijia usiku ule, niwaachie wanaopenda lugha. Kiswahili chetu kinamtambua mnyama kwa sarufi. Tunasema konyeza yule, pweza yule, kaa yule. Lakini tunasema tumbawe lile, sifongo ile. Lugha yenyewe imewaweka upande wa vitu, pamoja na jiwe na kamba, na mimi hapa nimekuwa nikibadilisha badilisha tangu mwanzo wa makala haya, mara huyu mara hii, mmeshaona. Asubuhi yake tulipokwenda kukagua kamba, bi alishika kipande kimoja kilichopauka, akakigeuza geuza, akasema, "Huyu mgonjwa." Huyu! Nikaandika kwenye daftari. Akaniuliza ninaandika nini, nikaona haya kueleza.

Nilimuuliza pia kama joto la maji linazisumbua sifongo kama linavyoyasumbua matumbawe. Matumbawe mengi yanaishi kwa kulishwa na vijimwani vidogo vilivyomo ndani ya ngozi yao, na maji yakizidi joto wanaachana, tumbawe linabaki jeupe na mara nyingi linakufa. Ilitokea pwani yetu kwa ukali sana mwaka 1998, ikatokea tena 2016, na Aprili 2024 wataalamu wakatangaza kwamba dunia imo katika wimbi la nne la aina hiyo. Bi alisema sifongo nazo huugua, na zikiugua zinaoza haraka na kunuka, lakini mpaka sasa zimestahimili kuliko mwani wake wa zamani. Hakusema zaidi. Kamba zilikuwa nyingi na maji yalikuwa yanajaa.

Sasa kuhusu masahihisho. Gazeti lilitoa mistari minne, ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la mnada wa magari. Niliandika sentensi nane zikakatwa nne. Zilizobaki zinasema kwamba sifongo si tumbawe, ni mnyama wa kundi jingine kabisa. Kwamba akina mama hawa hawavunji matumbawe. Na kwamba gazeti linasikitika kwa usumbufu uliojitokeza. Neno langu lilikuwa "hasara". Likageuzwa "usumbufu".

Nikampigia bi kumsomea. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniomba nakala kumi. Nikauliza za nini, yeye mmoja. Akasema moja ya duka la hoteli, moja ya sheha, na zilizobaki za wenzake, kila mmoja awe nayo kwenye mkoba mtu akimsimamisha.

Nilizipeleka kwa boti ya Jumamosi, nimezitia plastiki zisilowe. Zile sifongo arobaini na mbili, duka limechukua thelathini. Kumi na moja zimeuzwa kwa wageni wa kupita ufukweni kwa bei ya chini. Moja ninayo mimi, bafuni. Nilitaka kuilipia bei kamili, bi akakataa, akasema nilipie nusu.